Je, wajua kwanini nyuki wanamuua malkia mpya ukimwachia tu mzingani?

Wengi wanaofuga nyuki nyuma ya nyumba huku Kigamboni, Pugu na Chanika wanadhani mzinga ukikosa malkia we unatafuta mwingine kwa mwenzako, unamtumbukiza humo, imeisha hiyo. Thubutu! Wanamvaa kundi zima, wanamzunguka na kumbana mpaka anakufa kwa joto, kama hawajamchoma miiba kwanza.

Sasa wanamkataaje wakati wanamhitaji? Ishu ni harufu. Malkia ana harufu yake, na vibarua (nyuki wafanyakazi) wanaomlisha na kumlamba wanaisambaza mzinga mzima kwa kugusana, ndo inayowaambia mama yupo. Akiondoka ndani ya masaa machache wameshajua, hata mvumo wao unabadilika. Huyu mpya amekuja na harufu ya kwao, kwahiyo ni mvamizi tu hata awe mtagaji hodari kiasi gani.

Ndo maana anaingizwa akiwa kwenye kizimba kidogo cha wavu, mlango umezibwa na donge la sukari ya unga iliyokandwa na asali. Vibarua wanalila donge taratibu, siku 2 mpaka 5 hivi, na huku wanamlisha kupitia kwenye wavu na harufu yake wanaizoea, donge likiisha anatoka mwenyewe. Likande liwe gumu, maana kwa joto la Dar likiwa laini linaweza kuyeyuka likamganda akafia humohumo.

Ila kabla ya yote hakikisha hawana malkia mwingine. Wa zamani toa, na vyumba vya malkia wanavyojijengea, vile vinavyoning'inia kwenye sega kama ganda la karanga, vunja vyote, kwasababu malkia anakua kwa siku 16 tu toka yai na ukiacha hata kimoja watamlea wa kwao. Wakikaa wiki kadhaa bila malkia wala watoto, vibarua wanaanza kutaga wenyewe, mayai hayajarutubishwa so yanatoa madume matupu. Ukikuta mayai mawili matatu kwenye chumba (kitundu) kimoja cha sega, bora uwaunganishe na mzinga mwingine, hao kuwapa malkia ni kazi kwelikweli.

Mi kipimo ninachokiamini ni ule wavu. Siku ya tatu hivi fungua jioni jua likishapoa, moshi kidogo tu (na mfunge mbwa, usije ukaanzisha kesi na jirani), halafu angalia. Wamejazana juu ya wavu wanautafuna na ukiwasukuma kwa unyoya hawaachii? Bado, funika. Wanatembea juu yake wametulia, wanapenyeza ulimi kumlisha, ukiwagusa wanasogea, hapo poa. Nyuki wetu hawa wakisumbuliwa sana wanahama, kwahiyo akishatoka waache kama wiki nzima ndo ukatafute mayai: moja moja, limesimama chini katikati ya chumba.