Karura wakati wa masika: pita katikati ya tope

Masika yakianza, wageni wa Msitu wa Karura jijini Nairobi hufanya jambo linaloonekana la busara: wakikuta tope njiani, hulikwepa pembeni. Anayefuata hulikwepa zaidi, na kabla msimu haujaisha kijia cha watu wawili kimepanuka kama barabara ya gari. Sisi tunaomba kinyume chake. Vaa viatu ambavyo hutavionea uchungu, upite katikati.

Sababu iko chini ya miguu yako. Udongo wa msitu umejaa vitundu vilivyotobolewa na mizizi, mchwa na minyoo. Maji ya mvua huingia humo, kisha hujitokeza polepole mtoni hata siku za kiangazi. Udongo ukikanyagwa sana hushindiliwa, vitundu huziba, na maji hutiririka juu juu. Kwenye mteremko wa kushukia Mto Karura, upande wa maporomoko na mapango, njia ya mkato haichukui muda kugeuka mfereji. Udongo unaochukuliwa hapo huingia Mto Nairobi, kisha Athi, mto ambao huko chini huitwa Galana, halafu Sabaki, na kumwaga maji yake baharini kaskazini mwa Malindi. Kweli, tope jingi la Sabaki latoka mashambani, si kwetu. Hiyo si ruhusa ya kuliongeza.

Pembeni mwa njia ndipo pia miche huota. Muhugu, mti unaopendwa na wachonga vinyago, hukua taratibu mno. Mche wake ukikanyagwa leo, hasara yake ni ya miaka. Karura ina hekta 1,041 hivi na ilitangazwa hifadhi mwaka 1932, lakini sehemu kubwa ilipandwa mikaratusi na miti mingine ya kigeni, kwa hiyo kila mche wa asili una thamani. Mwanaharakati wa mazingira Wangari Maathai na wenzake walipigwa hapa Januari 1999 walipokuja kupanda miti kupinga unyakuzi wa ardhi.

Kima usiwape chakula, wakizoea, watakunyang'anya. Mbega, waliorejeshwa kuanzia 2014, utawaona juu mitini ukitembea bila kelele.

Kila njia panda ina kibao chenye namba. Ikumbuke ya mwisho uliyoipita: ukiteguka mguu, ndiyo askari wa msitu watakayokuuliza kwanza.