Je, wajua kwa nini mtu mwenye usonji anaweza kazi lakini huangushwa na usaili?

Kuna swali ambalo wasaili wengi hupenda kuanza nalo: "Tueleze kidogo kuhusu wewe." Wengi wetu tunaelewa, bila kufundishwa na yeyote, kwamba hatuulizwi tulizaliwa lini wala tuna ndugu wangapi. Tunaulizwa kwa nini tupewe kazi. Mtu mwenye usonji hulisikia swali jinsi lilivyo. Aanzie wapi? Aishie wapi? "Kidogo" ni kiasi gani? Anapolitafakari, kimya kinatanda, macho yake yako mezani, vidole vinagongagonga goti. Wasaili wanatazamana. Nafasi imeshapotea, na hakuna aliyemuuliza lolote kuhusu kazi yenyewe.

Usonji ni hali ya ukuaji wa ubongo ambayo mtu huishi nayo tangu utotoni hadi uzeeni. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2021 mtu 1 kati ya 127 alikuwa nayo. Hawafanani: yupo asiyezungumza kabisa, na yupo mwenye shahada mbili. Ila wengi wao wanakutana kwenye mlango mmoja uliofungwa. Takwimu za serikali ya Uingereza za mwaka 2020 zilionyesha kuwa kati ya kila watu wazima 100 wenye usonji, 22 hivi tu ndio waliokuwa na kazi.

Kwa nini iwe hivyo? Utafiti mmoja unanigusa kila ninapoukumbuka. Mwaka 2017 Noah Sasson wa Chuo Kikuu cha Texas mjini Dallas na wenzake walichapisha matokeo ya jaribio hili: watu wenye usonji na wasio nao walirekodiwa wakijieleza, kisha watu wengine wakaonyeshwa vipande vifupi vya rekodi hizo na kuombwa watoe maoni yao. Sekunde 10 zilitosha. Waliotazama video, waliosikiliza sauti, hata walioona picha tu, waliwapa wenye usonji alama za chini na hawakuwa na hamu ya kukaa nao. Lakini wale waliosoma maneno yale yale yakiwa yameandikwa kwenye karatasi, bila sura wala sauti, hawakuona tofauti. Walichosema watu hao hakikuwa na kasoro. Kilichowaponza ni jinsi walivyosikika na walivyoonekana.

Usaili basi ndio huo: sura, sauti na macho, na muda haba.

Tena si kweli kwamba wenye usonji hawajui kuwasiliana. Mwaka 2020 Catherine Crompton wa Chuo Kikuu cha Edinburgh na wenzake walitumia mfano wa ule mchezo wa watoto wa kunong'onezana, ambapo habari hupitishwa kutoka mtu mmoja hadi mwingine mpaka imfikie wa mwisho. Mnyororo wa watu wenye usonji watupu ulifikisha hadithi vizuri sawasawa na mnyororo wa wasio nao. Habari ilipotea zaidi pale makundi hayo mawili yalipochanganywa. Yaani kutoelewana kuna pande mbili, ingawa tangu zamani lawama zote hubebeshwa upande mmoja.

Kwa hiyo maandalizi mazuri ya kumwingiza kazini mtu mwenye usonji huanza kwa kumpa mtu nafasi ya kuonyesha kazi yake badala ya kuisimulia. Thorkil Sonne wa Denmark, baba wa mtoto mwenye usonji, alianzisha mwaka 2004 kampuni ya Specialisterne, inayoajiri watu wenye usonji. Waombaji wake hawakukalishwa mbele ya jopo. Walipewa roboti za Lego wazijenge na kuziendesha, huku wasimamizi wakiangalia jinsi kila mmoja anavyofikiri na anakokwama. Kampuni kubwa za kompyuta ziliiga baadaye: SAP mwaka 2013, Microsoft mwaka 2015.

Hapo naomba tusipotee. Mafanikio hayo yamewafanya watu wadhani kila mwenye usonji ni gwiji wa kompyuta, na mzazi ambaye kijana wake hapendi kompyuta anabaki na huzuni isiyo na sababu. Mfano ninaoupenda zaidi ulianzia hospitalini. Mwaka 1996 Erin Riehle, aliyekuwa akiongoza idara ya dharura katika hospitali ya watoto ya Cincinnati, Marekani, alihitaji watu wa kupanga vifaa kwenye makabati kwa uhakika. Ndipo ulipozaliwa mpango wa Project SEARCH, ambao vijana wenye ulemavu hujifunza kazi wakiwa kazini, wakizunguka idara mbalimbali kwa miezi, na mkufunzi akiwa pembeni yao. Utafiti uliofanyika katika jimbo la Virginia, Marekani, na kuchapishwa mwaka 2014 ulifuatilia vijana wenye usonji: kati ya 24 waliopitia mpango huo wakiwa na msaada wa ziada, 21 walipata ajira. Kati ya 16 ambao hawakupitia, alipata 1.

Mkufunzi huyo hufanya nini hasa? Hugeuza yasiyosemwa kuwa maandishi. Msimamizi akisema, "Hayo mafaili utayapanga ukipata nafasi," kijana anaweza kusubiri wiki nzima hiyo nafasi, kwa sababu hakuna aliyemwambia sasa ana nafasi. Mkufunzi huiandika upya: "Panga mafaili kwa herufi kabla ya saa nane mchana. Ukimaliza, yaweke kabati la chini, kisha mwambie msimamizi." Kazi ni ile ile, ila sasa ina mwanzo na mwisho. Hufundisha pia yale ambayo wengine huyaokota njiani: saa ya mapumziko unakaa wapi, ukikosea unamwambia nani, mtu akiuliza "habari za leo" anataka jibu la urefu gani. Siku kadhaa kabla ya kuanza, huenda naye njia nzima hadi kazini. Husikiliza mlio wa mashine na kuomba viziba masikio, au meza iliyo mbali na mlango. Haya mengi hayagharimu chochote.

Na pale ambapo usaili haukwepeki, mwombaji anaweza kuomba atumiwe maswali mapema, apewe muda wa kufikiri, aulizwe mambo bayana. "Tueleze kuhusu wewe" linageuka kuwa "Taja kazi mbili ulizowahi kufanya na ulichofanya katika kila moja." Mtu yule yule aliyekuwa akitazama meza anatoa karatasi yake na kuanza kusoma: kazi ya kwanza, kazi ya pili.