Mia mbili ya saa ngapi?

Juma lililopita mteja mmoja alishusha betri mbili kutoka kwenye pikapu mbele ya karakana yangu hapa Mbale, zote za volti 12, zote zimeandikwa 200Ah (ampea-saa, yaani ampea mara saa) kwa tarakimu kubwa, akanieleza kwa hasira kwamba ya kwanza huendesha friji ya soda hadi alfajiri ilhali ya pili huzimika kabla ya usiku wa manane. "Fundi, mia mbili ni mia mbili," alisema, "basi hii ni mbovu." Sentensi hiyo nimeisikia mara nyingi mno. Nilimwomba ainame tusome maandishi madogo yaliyo chini ya nembo: moja ilikuwa na C10, nyingine C100.

Namba inayofuata herufi C ni saa. Betri ya kwanza ilipimwa ikitoa ampea 20 kwa saa 10, na ya pili ikitoa ampea 2 kwa saa 100. Watu hudhani betri ni jerikani, kwamba maji ni yaleyale ukiyamwaga haraka au polepole. Betri ya asidi haiko hivyo, kwa sababu umeme huzaliwa pale asidi inapogusana na bati za risasi, na unapovuta kwa nguvu, asidi iliyo ndani ya vitundu vya bati huisha upesi kuliko nyingine inavyoweza kupenya kuziba pengo, hivyo volti huanguka wakati sehemu kubwa ya bati bado haijafanya kazi. Ndiyo maana betri "iliyokufa" usiku hufufuka kidogo asubuhi na kumdanganya mwenyewe.

Kwa hiyo huwezi kuhamisha C100 kwenda C10 kwa kuzidisha na kugawanya tu. Tunatumia kanuni ya Mjerumani Peukert ya mwaka 1897. Chukua betri ya 200Ah kwa C20, uivute ampea 50: hesabu ya sokoni inakupa saa 4, lakini kwa kipeo cha 1.2 (namba ya kanuni hiyo inayoonyesha jinsi betri inavyopungukiwa ikivutwa kwa nguvu) unagawanya 200 kwa 1,000, yaani ampea 50 mara saa 20, unapandisha jibu kwa kipeo hicho, unazidisha kwa 20, na unapata saa 2.9, yaani 145Ah. Kwa kipeo hichohicho, ile 200 ya C100 inakuwa takriban 136 ikipimwa kwa C10.

Hapa lazima nikiri jambo. Kipeo chenyewe ni nadra kuandikwa kwenye betri. Mimi huchukua 1.2 kwa betri za maji na 1.1 kwa zile kavu, kwa mazoea tu, nikijua kwamba hupanda kadiri betri inavyozeeka. Isitoshe, kanuni inataka mvuto usiobadilika, na friji huwaka na kuzima itakavyo. Nimewahi kumwahidi mtu saa sita akapata nne, na sikuwa na pa kujificha.

Wanaoniuliza CCA ni sawa na Ah ngapi, jibu ni kwamba hakuna hesabu ya kuaminika. CCA ni ampea ambazo betri ya gari inaweza kutoa kwa sekunde 30 katika baridi ya nyuzi 18 chini ya sifuri bila kushuka chini ya volti 7.2, na baridi ya namna hiyo haifiki hata kileleni mwa Mlima Elgon. Wenye pawabenki nao wazidishe kwa volti 3.7 za betri iliyo ndani, si 5 za waya: 20,000mAh ni wati-saa 74, na kwenye waya wa volti 5 hizo ni 14,800mAh kabla ya hasara yoyote. Lithiamu kwa jumla haisumbuliwi sana na kasi ya mvuto, lakini mwuzaji akikutajia Ah bila volti, mwulize volti kwanza.

Betri ya C100 haikuwa mbovu. Tuliihamishia kwenye taa za nyumba yake, zinazokula ampea 2 tu, na friji tukaiachia ile ya C10.