Kopi au tungo zetu, ukishapita miaka hamsini

Nimepiga gitaa la solo hapa Tanga zaidi ya miaka thelathini. Ishirini ya mwanzo nilikuwa kwenye bendi zenye tungo zake. Sasa nipo bendi ya kopi, yaani ya nyimbo za wengine: tunapiga zilipendwa, harusi nyingi na Jumamosi ukumbini. Vijana wa Ngamiani huniuliza kama sioni unyonge. Sioni kabisa.

Bendi yenye nyimbo zake inakula muda. Mtunzi analeta beti mbili, mnashinda mchana kutwa mkitafuta gitaa la kati liingie wapi lisigongane na solo. Mazoezi siku nne kwa wiki. Ukiwa kijana unamudu. Ukiwa na ada za watoto na duka la kufungua asubuhi, hapana. Kwenye kopi kila mtu anajifunzia kwake kwa simu, tunakutana Jumatano kupanga maingilio na namna ya kumalizia.

Lakini kopi si kazi rahisi. Nyimbo za Jamhuri Jazz, bendi ya zamani ya hapa Tanga, nimekua nazo, nikadhani nazijua. Siku nilipopunguza mwendo kwenye simu nikasikia jambo ambalo sikuwahi kulisikia: gitaa la kati likipanda, solo linanyamaza, halafu linajibu kwa noti tatu tu. Miaka yote mimi nilikuwa nikiijaza ile nafasi. Uzee umenipa subira ya kuiacha wazi.

Na wakubwa wetu walipitia hukohuko. Bendi za mwambao zilijifunza kwenye santuri za Kuba, zile za mfululizo wa GV zilizoanza kutoka mwaka 1933. Kina Kinyonga, Wilson na George, walipiga Jamhuri Jazz hapahapa kabla ya kuunda Simba Wanyika huko Mombasa mwaka 1971. Yasikilize magitaa yao yanavyopokezana.

Tungo zangu sijazizika. Nachagua zilipendwa mbili zenye ufunguo mmoja na mwendo mmoja, wimbo wangu nauweka katikati, na ngoma hazisimami. Ukiutangaza, watu wanarudi vitini. Usiutangaze.

Mwezi uliopita, harusini Chumbageni, binti mmoja alikuja jukwaani tukikunja nyaya.

"Shikamoo mjomba. Ule wa katikati ni wa bendi gani?"

"Marahaba. Ni wetu."

Jumatano hii tunajaribu wa pili.