Kwa nini raketi ya tenisi ya meza ina upande mwekundu na upande mweusi?

Wengi wetu tukishika raketi ya tenisi ya meza tunaona nyekundu huku, nyeusi huku, tunadhani ni urembo wa kiwandani. Sio urembo jamani, ni sheria kabisa, na iliwekwa kwa sababu kuna watu walikuwa wanafungwa mechi nzima bila kuelewa wamefungwaje.

Mchezo wenyewe ulianzia Uingereza mwishoni mwa miaka ya 1800, watu wanacheza ndani baada ya chakula cha usiku. Raketi zilikuwa za mbao tupu au ngozi iliyowambwa, baadaye ndo ikaja raba yenye vipele. Kilichovuruga kila kitu ni sponji. Mwaka 1952 kule Bombay, India, Mjapani Hiroji Satoh alikuja na raketi yenye sponji nene, mpira ukigonga pale hausikii ule mlio uliozoeleka, wapinzani wakapotea kabisa na jamaa akaondoka na ubingwa wa dunia. Mwaka 1959 shirikisho la dunia, ITTF, likaweka kipimo, raba na sponji kwa pamoja zisizidi milimita 4, gundi ikiwemo.

Sasa unene ukadhibitiwa, ila aina za raba zikazidi kuongezeka, na hapa ndo penye utamu. Kuna raba ya kawaida, uso wake unashika mpira, ukiukwangua kwa kupandisha mkono mpira unazunguka balaa. Halafu kuna nyingine inaitwa anti, kwa macho inafanana na ile ya kwanza lakini inateleza, haishiki mpira. Wewe unapiga spini yako kali, mpinzani anaweka tu anti, ule mzunguko haufutiki, mpira unaendelea kuzunguka vilevile ila sasa unasafiri kuja kwako, kwa hiyo spini uliyopiga ya kwenda mbele inakurudia ikiwa ya kurudi nyuma. Ukiugusa kama ulivyozoea unazama kwenye neti, na ukidhani ni anti kumbe ni raba ya kawaida unauona unapaa nje ya meza.

Basi wachezaji wakawa wanabandika raba hizo mbili za rangi moja, moja kila upande, halafu wanazungusha mpini kwa vidole chini ya meza. Mkono unapiga kwa mtindo uleule, rangi ileile, utajuaje? John Hilton wa Uingereza alichukua ubingwa wa Ulaya 1980 na raketi ya namna hii, na Cai Zhenhua wa China akafika fainali ya dunia 1981. Njia iliyobaki ilikuwa kusikiliza, maana anti mlio wake umefifia, na hapo napo watu wakaanza kupiga mguu chini kwa nguvu wakati wa kuanzisha mpira ili mlio usisikike!

ITTF ikaamua 1983 kwamba pande mbili ziwe na rangi tofauti, na 1986 ikazitaja kabisa, nyeusi na nyekundu inayong'aa. Mimi hii sheria naipenda sana kwa sababu haikumnyang'anya mtu silaha yake. Anti ipo mpaka leo, kuzungusha raketi katikati ya pointi ni halali mpaka leo, ila sasa mwenye macho makali anaona.

Tangu Oktoba 2021 upande mmoja lazima ubaki mweusi, ila mwingine unaweza kuwa mwekundu, pinki, zambarau, kijani au bluu. Ila rangi peke yake haikwambii ni raba gani, ndo maana kabla ya mechi wachezaji wanabadilishana raketi kidogo. Ukiangalia vizuri utawaona wanapitisha kidole gumba juu ya raba, kila upande, wanapima ipi inanata na ipi inateleza.