Kwa nini miadi hugongana hata kalenda zikiwa zimeunganishwa

Mtu akiniambia kalenda yake ya Google "imeunganishwa" na ya Outlook, swali langu la kwanza ni moja: kwa njia gani? Neno hilo hutumika kwa mambo matatu tofauti, na mawili kati yake hayafai kabisa kutegemewa na mtu anayepokea wateja.

Jambo la kwanza ni kupakua faili la .ics (faili linalobeba matukio ya kalenda) upande mmoja na kulipakia upande wa pili. Hiyo ni nakala ya siku hiyo tu. Miadi utakayoongeza dakika tano baadaye haitafika, na utakayoifuta itabaki kule ikiziba nafasi.

La pili ni kiungo, yaani anwani ya mtandaoni ya kalenda moja unayoibandika katika nyingine, na hapa ndipo wengi hukwama. Kalenda inayopokea ndiyo inayokwenda kuchungulia kiungo, kwa ratiba yake yenyewe. Ile yenye miadi haiipi taarifa yoyote. Google hueleza kuwa mabadiliko yanaweza kuchukua hadi saa 12 kuonekana. Outlook.com hulenga kuchungulia kila baada ya saa 3 hivi, lakini Microsoft huonya kwamba inaweza kupita hata saa 24. Programu ya kalenda kwenye Mac hukuruhusu kuchagua kila dakika 5. Kwenye Google huna pa kugusa. Kufungua ukurasa upya hakusaidii, kwa sababu unaletewa kilichokwisha hifadhiwa kwenye seva.

La tatu ni kuipa programu ya miadi, ile ambayo wateja hujichagulia nafasi, ruhusa ya kusoma na kuandika moja kwa moja katika kila akaunti. Hii ndiyo ninayopendekeza. Udhaifu wake ni kwamba ruhusa hukatika: umebadilisha nenosiri, au msimamizi wa barua pepe za kazini ameifunga. Baadhi ya programu huendelea kuwaonyesha wateja nafasi hata baada ya muunganisho kufa, kwa hiyo hakikisha arifa ya kukatika inakufikia kwenye barua pepe unayoisoma kila siku.

Tazama jinsi kiungo kinavyozaa mgongano. Saa 3:00 asubuhi unaandika kwenye Outlook miadi ya saa 8:00 mchana siku hiyohiyo. Ukurasa wako wa miadi unasoma Google, na Google inaisoma Outlook kwa kiungo. Mara ya mwisho ilichungulia saa 2:00. Saa 4:30 mteja mwingine anafungua ukurasa, anaikuta saa 8:00 iko wazi, anaichukua. Hakuna kilichoharibika. Kila programu imefanya kazi yake sawasawa, ila hakuna kufuli linaloshikilia nafasi moja katika kampuni mbili kwa wakati mmoja.

Ndiyo maana muda wa chini wa kuweka miadi, yaani saa ambazo mteja lazima aweke miadi kabla ya kufika, lazima uwe mrefu kuliko ucheleweshaji. Ukitumia kiungo chenye kuchelewa saa 12, weka saa 24. Anayehitaji kupokea wateja wa siku hiyohiyo asitumie kiungo kabisa.

Kasi si tatizo pekee. Outlook ina hali kadhaa za tukio: nafasi ipo, huenda, shughuli, nje ya ofisi, kazini kwingineko. Mfumo wa pamoja wa iCalendar, ambao kalenda hutumia kubadilishana matukio, katika kusema kama tukio linaziba muda, una majibu mawili tu: linaziba au halizibi. Kwa hiyo "huenda" yako hufika kama shughuli kamili au hupotea, kutegemea programu inayotafsiri. Angalia hasa matukio ya siku nzima: Outlook huyaweka kuwa "nafasi ipo" usipoyabadilisha. Ukiandika "Likizo" ya siku tano bila kugusa hali yake, wateja wataendelea kuwekewa miadi katika likizo yako.

Miadi inayojirudia huvunjika kwa namna nyingine. Haihifadhiwi kama miadi 52 ya mwaka. Huhifadhiwa kama kanuni moja pamoja na orodha ya yasiyofuata kanuni. Ukiisogeza ya wiki moja tu kutoka Jumanne hadi Alhamisi, upande wa pili unatakiwa kuelewa kwamba Jumanne ile imeachiliwa. Usipoelewa, utaona siku zote mbili zimezibwa, au Jumanne pekee.

Kuhusu saa za eneo, dalili ni rahisi kuitambua: miadi yote imesogea kwa kiasi kilekile. Microsoft hutumia majina yake, kama "W. Europe Standard Time", ilhali wengine huandika "Europe/Berlin"; tafsiri ikishindikana, saa husomwa kwa eneo jingine. Kwa wateja wa ng'ambo, chunga mwezi Machi: Marekani husogeza saa Jumapili ya pili, Ulaya Jumapili ya mwisho.

Mpangilio ninaoushauri: teua kalenda moja iwe ndiyo pekee inayoandikwa miadi ya wateja. Nyingine zisomwe tu, ili kujua ni saa ngapi una shughuli. Usinakili matukio pande zote mbili kwa programu mbili tofauti; kila moja huiona nakala ya mwenzake kama tukio jipya, na hapo nakala hazina mwisho. Kisha ingia kwenye mipangilio ya programu ya miadi uziwekee alama kalenda zote za kukaguliwa, kwa kuwa nyingi hukagua ile kuu peke yake. Kiungo cha siri cha .ics usikitume ovyo: yeyote aliye nacho huona majina ya wateja wako bila nenosiri.

Kabla ya kuwapa wateja ukurasa, andika tukio la dakika 15 upande wa pili na uhesabu dakika hadi nafasi hiyo itoweke. Lisogeze, uhesabu tena. Lifute, uhesabu tena. Rudia kwa tukio la siku nzima na kwa mfululizo wa wiki nne uliosogezwa wiki moja. Muda mrefu kuliko yote ulioupata, uzidishe mara mbili, ndio uweke kuwa muda wa chini wa kuweka miadi.