Data za kampuni ya kimataifa: dhana potofu na ukweli

Dhana: Data za matawi yote zikiingia kwenye ghala moja (mfumo wa pamoja wa kuhifadhi data), kampuni itakuwa na ukweli mmoja.

Ghala linakusanya data, halikusanyi maana. Chukua safu moja tu, "mteja hai". Tawi la Ujerumani linamhesabu aliyenunua ndani ya siku 90. La Brazili linamhesabu yeyote ambaye akaunti yake haijafungwa. Ukijumlisha unapata namba inayopendeza kwenye ripoti ya bodi, lakini haielezi chochote. Tarehe nazo ni hivyo hivyo: 03/04 Uingereza ni tarehe 3 Aprili, Marekani ni tarehe 4 Machi. Hili la tarehe ni jepesi, kiwango cha kimataifa cha kuandika tarehe, ISO 8601 (mwaka, mwezi, siku), kinalimaliza. La mteja hakuna programu ya kulimaliza. Lazima watu wa mauzo, fedha na sheria wakae, waamue fasili ipi ni ya kampuni nzima, ipi inabaki kwa nchi, na nani ana kauli ya mwisho wakivutana. Kazi hii mara nyingi husukumiwa idara ya tehama, na kwa maoni yangu hapo ndipo miradi mingi inapofia. Tehama hutunza mifumo; haina mamlaka ya kuamua mteja ni nani.

Dhana: Seva ikiwa Ulaya, sheria imetimizwa.

Chini ya GDPR, sheria ya Umoja wa Ulaya ya kulinda taarifa binafsi inayotumika tangu Mei 2018, kampuni mama iliyo nje ya Ulaya ikifungua kwa mbali taarifa binafsi za kampuni tanzu iliyoko Ulaya, huo tayari ni uhamishaji wa data. Mei 2023 Meta, kampuni inayomiliki Facebook, ilitozwa faini ya euro bilioni 1.2 nchini Ireland kwa kuhamishia Marekani data za watumiaji wa Ulaya. Kwa hiyo mchoro wa usanifu wa mfumo usiishie kuonyesha diski iko wapi. Uonyeshe pia nani anasoma, akiwa nchi gani.

Dhana: GDPR ni kali, tukiifuata tumemaliza dunia nzima.

Sheria zinatofautiana kwa aina, si kwa ukali tu. Tangu Septemba 2015 Urusi inataka data za raia wake zihifadhiwe kwenye kanzidata zilizo nchini humo. GDPR haina sharti la namna hiyo. Sanifu mfumo ambao data za nchi moja zinaweza kutengwa bila ripoti za nchi nyingine kusimama.